Lete Chai

Jumapili, 15 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Rupal amekuja kwangu Hounslow na kamera na keki ya dukani, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kabla hajakaa akanitangazia kwamba nimekuwa historia. Rupal ni binti wa Dhiren. Anatengeneza filamu juu ya Zima Taa, bendi tuliyokuwa nayo mimi, baba yake na Kuldip, miaka mitatu tu, santuri moja, kisha kila mtu akashika njia yake. Siku hizi wajuzi wanatuita post-punk ya majaribio. Enzi zile waliotuita kitu ni majirani peke yao, na walichotuita siwezi kukiandika siku ya Bwana.

Novemba thelathini kutakuwa na onyesho Camden. Anataka niimbe "Lete Chai". Nimemwambia nina miaka sitini na saba na magoti yangu yalistaafu kabla yangu.

"But people still talk about your voice, Auntie Placida. Ile bado yako. It's so bad. Bado, bad, right? Daddy anasema ni sauti tu, haina maana."

Nikamkatia keki ili nipate muda wa kumeza hasira. Haina maana! Nimekubali kuimba, kwa sharti moja: baba yake akae mbele ya kamera aseme jinsi wimbo ule ulivyozaliwa, na aseme kwamba ile "bado" ni yangu. Sitaki kingine. Wengine wana watoto na majumba. Mimi nilichowahi kukitunga katika maisha yangu ni neno moja, na neno hilo nalitaka lirudi na jina langu.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimelala vibaya, basi niliandike kama lilivyokuwa, wasije wakalibadilisha nami nikaliamini la kwao.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wangu wa pili hapa. Asubuhi moja dereva wa basi alinifungia mlango usoni. Nikamporomoshea matusi ya Muheza yote niliyokuwa nayo, nikijua Uingereza nzima hakuna wa kunielewa. Mlango ukafunguka. Kalasinga mwenye kilemba cha bluu akanitazama, akasema, "Sasa mama yangu umemwachia nini? Ingia twende." Huyo ndiye Kuldip, mzaliwa wa Nairobi. Nyuma yake abiria mwenye gitaa alicheka mpaka akashika nguzo. Huyo ndiye Dhiren, mtoto wa muuza vitambaa wa Tanga, mwanafunzi wa sanaa. Kabla sijafika kituo changu nilikuwa mwimbaji wa bendi.

Mazoezi tulifanya kwenye gereji ya mjomba wake. Dhiren alipiga gitaa kwa bisibisi. Kuldip alipiga dramu alivyozoea kupiga dholi harusini kwao, ila polepole, kama harusi ambayo bwana harusi hajatokea. Mimi nilishikishwa maikrofoni nisijue la kusema.

Siku moja nimetoka zamu, miguu imevimba. Kuldip anapiga. Dhiren ameinama anahangaika na waya wa amplifaya, na bila hata kugeuza kichwa akasema, "Lete chai."

Hivyo hivyo. Hakusema kwa ubaya. Ndicho Kiswahili alichokuwa nacho. Alikiokota jikoni kwao, mama yake akimwambia yaya lete, toa, fagia, zima taa, na mtoto akadhani lugha yote inaishia hapo. Hata jina la bendi lilitoka huko. Kwetu mlevi akidai chai husema naomba. Dhiren amesoma Kifaransa, anajua majina ya wachoraji mia, neno naomba hajawahi kukutana nalo.

Nami maikrofoni ilikuwa mdomoni. Nikamjibu kama alivyojibu kila mtumishi aliyechoka tangu dunia iumbwe: "Bado."

Neno likatoka kwenye spika, kubwa kuliko mimi. Kuldip akashtuka, akabadili mdundo. Dhiren akainua kichwa. "Lete chai," akarudia. Nikanyamaza. Kuldip akangoja, anapiga kile kile. Nikanyamaza mpaka nilipopenda, ndipo nikasema, "Bado." Mdundo ukageuka tena. Hiyo ikawa kanuni ya bendi: hakuna kuhesabu, mdundo haubadiliki mpaka Placida aseme bado. Baa moja ya Camden niliwangojesha mpaka wakanirushia bia. Gazeti likaandika kwamba Dhiren ni bingwa wa ukimya.

Nilimwambia baadaye, wewe siku ile ulikuwa unataka chai kweli. Akacheka. "Hapana, Placida. Ilikuwa composition."

Chai yenyewe hakuipata.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mazoezi ya kwanza, ukumbi wa jumuiya huku huku Hounslow, ndege zinapita juu ya paa kila baada ya muda na hakuna anayezisikia ila sisi. Dhiren ana mvi nzuri na mashine za kusikia masikio yote mawili. "Placida! Njoo. Keti. Weka mkoba hapo. Sema kitu!" Amri nne kabla ya salamu. Nikamwambia hujambo na wewe.

Kuldip amekalia mto kwa ajili ya mgongo. Alistaafu basi zamani. Ni yule yule, gogo la mtu: Dhiren akisema kulia, kulia, akisema kushoto, kushoto. Nilimdharau tangu tukiwa vijana, sioni sababu ya kuacha leo.

Sauti yangu imeshuka, imekuwa ya mwanamume anayeamshwa. Lakini niliposema bado ya kwanza, Rupal alishusha kamera akanitazama kwa macho yake mwenyewe.

Nilimkumbusha Dhiren sharti langu.

"Nitasema, nitasema. Bado kuna muda."

Neno langu mwenyewe, ananilipia nalo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Mazoezi. Hajasema.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua. Kamera ilikuwa na hitilafu, kwa hiyo hajasema. Ameleta jambo jipya: nisimame nyuma, kwenye giza, "kama sauti inayotoka nowhere". Nimemwambia nimetoka Muheza, pako kwenye ramani. Kuldip alikohoa, au alicheka.

Jumapili, 27 Oktoba

Waingereza wamerudisha saa nyuma, wametuongezea saa moja. Nimeitumia kulala, nikachelewa misa hata hivyo.

Jumamosi, 2 Novemba

Mwaka mpya wa Wagujarati. Dhiren alitualika Stanmore, mimi na Kuldip, tukaenda kwa gari la Kuldip bila kusemezana zaidi ya habari za mafuta ya magoti. Mlangoni rangi za Diwali zimechorwa chini na kuchapwa na mvua, nyekundu imeingia kwenye njano. Ndani mishumaa, vitamu, ndugu wengi wanaotoka na kuingia.

Mama yake Dhiren yupo. Bi Ranjan, miaka tisini na kitu, akili inakuja na kuondoka. Walimkalisha jikoni karibu na radieta, shali mabegani, mbali na makelele. Nikaenda kumsalimia. Nikainama kadiri magoti yalivyoniruhusu. "Shikamoo, Mama."

Akaniangalia sana. "Marahaba," akasema. Kisha, "Wewe, lete chai."

Dada mmoja wa Dhiren aliona haya, akaanza kuniomba radhi. Lakini Dhiren! Alipiga kelele kama aliyeokota dhahabu. "You hear that? That's it! That's the original!" Akatoa simu, akamsogezea mama yake mdomoni. "Mummy, sema tena. Sema!"

Bi Ranjan akasema tena, kwa ile sauti kavu inayopanda mwishoni. Ni sauti ile ile Dhiren aliyoitumia jukwaani enzi zile, nami nikidhani ameibuni.

Nikainjika chai. Niandike wazi kwamba sikuinjika kwa amri. Nimeuguza wazee karibu maisha yangu yote. Mzee akitaka chai hupewa chai. Tangawizi niliikuta kwenye friji, iliki kwenye kopo, nikachemsha na maziwa mpaka ikapanda mara mbili. Nilipomwekea mezani hakushika kikombe, alinishika mkono.

"Mwanaidi," akasema. "Mwanaidi bado?"

"Mwanaidi ni nani, Mama?"

"Mwanaidi naenda sokoni. Bado rudi." Kiswahili chake ni cha dukani, hakina ngeli wala nyakati, lakini sijasikia mwaka huu Kiswahili kilichonichoma kama kile. "Sisi naondoka ile siku. Mimi nasema, Mwanaidi, lete nanasi ya safari. Yeye naenda. Teksi nakuja mapema. Baba Dhiren nasema panda, panda. Mimi hapana sema kwaheri. Yeye narudi na nanasi, nyumba fungwa." Machozi yakamshuka taratibu, hakuyapangusa. "Mwanaidi bado?"

Nikamwambia, "Bado, Mama. Yuko njiani." Uongo wa wauguzi, Mungu anausamehe.

Dhiren simu bado iko hewani. "Mwanaidi ndiye nani?"

"Yaya wako," nikamwambia. "Aliyekubeba mgongoni."

"Oh. The ayah. Sisi tulimwita Ayah tu."

Jina hakulijua. Mama aliyekuwa akitoa amri, na akili zimemtoka, jina analo. Huyu mwenye akili zote hana. Nilikwenda Stanmore na chuki ya kumgawia yule bibi, na imebidi nirudi nayo, nimtafutie mwingine.

Dhiren anataka kutumia sauti ya mama yake kufungulia onyesho. Nikamwambia muache mama wa watu. Akasema ni historia.

"Kama ni historia, iache nzima. Lete chai iwemo, na Mwanaidi awemo, na nanasi liwemo."

"Sawa, Placida. Itakuwa nzima. I promise."

Rupal alikuwa amesimama mlangoni, kamera imening'inia begani, haijawashwa. Bibi yake akamwita, akamwambia kitu kwa Kigujarati, naye akajibu kwa Kiingereza, akapiga magoti kumfuta machozi.

Jumanne, 5 Novemba

Fataki za Waingereza usiku kucha. Paka wa jirani amekimbilia kwangu. Nimemwachia kiti.

Jumamosi, 16 Novemba

Mazoezi. Hajasema. Sasa anasema filamu imeshajaa.

Kuldip alinirudisha nyumbani. Mvua ilikuwa kubwa, tukangoja ndani ya gari mbele ya mlango wangu. Akazima injini, na yule gogo akaanza kuongea.

"Dada, unajua kwa nini mimi hukaa side ile, nimeangalia ukuta?"

Nikamwambia sijawahi kujiuliza.

"Si ukuta. Kuna ile speaker, nimeweka kioo kidogo hapo. Nakuona mdomo. Dhiren anaweza piga kelele mpaka kesho, mimi simsikizi. Nangoja mdomo yako tu. Since ile garage."

"Mbona hukusema siku zote?"

"Hukuniuliza. Na ulikuwa umenitukana mama, bado nilikuwa na kinyongo kidogo."

Nikacheka mpaka vioo vikafanya ukungu. Nilipoteremka nikamwambia asante, kaka. Sikuwahi kumwita kaka.

Jumamosi, 23 Novemba

Rupal alikuja peke yake na kompyuta. Hakuvua koti. "Auntie, I want you to see it before everyone else."

Dhiren kwenye kioo, amekaa mbele ya rafu za santuri, mwanga mzuri, amechana nywele. Anaeleza, kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba alitunga "Lete Chai" kwa maneno aliyoyapenda kwa mlio wake tu. Kwamba alihitaji jibu, akabuni silabi mbili, ba na do. Kwamba kanuni ya kungoja aliifikiria kwa muda mrefu. Na kuhusu mimi, uso ukalainika, sauti ikashuka kwa upendo: "Placida alikuwa ala nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga."

Ala. Kama gitaa. Kama bisibisi.

"Nilimwuliza tena na tena," Rupal akasema. "I said, Daddy, tell it like Auntie tells it. He really believes it. That's the thing. Anaamini."

Ndicho kilichoniuma. Mwongo unaweza kumbana mpaka akatema. Huyu hana cha kutema. Alinitazama macho kwa macho siku ile kwenye gereji, akaniomba chai bila kuniomba, na alichokiona mbele yake ni kipaza sauti chenye miguu.

Rupal aliniuliza kama nitaimba. Nikamwambia nimeshawaahidi watu, na Kuldip ameshanunua mto mpya. Halafu kuna Mwanaidi. Walau yeye atasikika nzima, na nanasi lake.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Bado means what, exactly?"

"Maana yake kitu hakijafika, lakini kinangojewa. Na ukimwambia mtu bado wewe, maana yake zamu yake inakuja."

Akairudia kwa kunong'ona, midomo ikicheza. Aliitamka vizuri kuliko baba yake.

Alhamisi, 28 Novemba

Baridi ya kupasua midomo. Nimepaka mafuta ya nazi kooni kama mama alivyokuwa akinipaka. Najua hayasaidii.

Jumapili, 1 Desemba

Sijaenda misa. Niandike.

Ukumbi ulijaa. Mabwana wenye mvi na majaketi meusi yasiyofunga tena, na vijana wamevaa fulana zenye sura yangu ya miaka ishirini na tatu. Msichana mmoja chooni alinisogeza kidogo afike kwenye kioo, nami nipo kifuani mwake, natabasamu.

Sikusimama nyuma kwenye giza. Niliingia nikaenda mbele, kwenye taa, nikashika maikrofoni. Dhiren alikunja uso lakini watu walishaanza kupiga makofi. Kuldip alikaa kwenye mto wake mpya, ameelekea ukutani.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda. Kisha taa zikapunguzwa, Kuldip akaanza ule mdundo wa harusi isiyo na bwana harusi, na kwenye spika zote ikatoka sauti ya Bi Ranjan.

"Wewe, lete chai. Lete chai."

Watu walipumua kwa pamoja. Nami nikangoja. Najua kinachofuata, nilikuwepo: hapo kikombe kinagusa meza, na hapo anasema Mwanaidi. Kikombe kiligusa meza. Nikasikia midomo ya bibi inakutana kwa ile herufi ya kwanza, na hapo hapo ikabanwa, kama kidole mlangoni. Sauti ikarudi mwanzo.

"Wewe, lete chai. Lete chai."

Dhiren alimkata. Aliniahidi nzima, akamkata jina, akamwacha bibi akiamrisha tu, tena na tena, mbele ya wageni, yule aliyelia jikoni.

Dhiren akaingia na gitaa, akapaza sauti kuizidi ya mama yake, "Lete chai!" Hapo ndipo pangu. Nikafungua mdomo. Haikutoka. Niseme kweli: sikuwa nimepanga. Nilikwenda pale kuimba. Lakini nilijua nikisema bado, mdundo utageuka, wimbo utasonga mbele, na Mwanaidi ataachwa nyuma mara ya pili.

"Lete chai!" Nikanyamaza.

"Lete chai!" Watu wakaanza kushangilia, maana wamesoma habari za ukimya wetu. Walidhani ni sanaa. Dhiren naye alidhani hivyo kwa muda, akatabasamu, akarudia. Akarudia tena. Tabasamu likaisha. Jasho likamtoka. Sauti yake ikakauka, ikapanda mwishoni, na mara nilishindwa kutofautisha ipi yake na ipi ya mama yake. Nadhani hata yeye alishindwa, maana alinigeukia ghafla kama aliyesikia mtu akimwita.

"Sema," akaniambia nje ya maikrofoni. "Placida, sema! Sema bado!"

Amri nyingine. Kijana mmoja mbele akanisaidia, akapiga kelele, "Bado!" Wa pili akadakia. Mara ukumbi mzima, mabwana na fulana zangu, "Bay-do! Bay-do!" wanapiga miguu chini. Neno langu, midomoni mwa watu wote isipokuwa mimi.

Na mdundo haukubadilika.

Nilimgeukia Kuldip. Ukumbi mzima unasema bado, naye anapiga kile kile, polepole, macho kwenye kile kioo kidogo cha spika. Dhiren akamfokea kwa Kiingereza, badilisha, badilisha sasa. Kuldip hakugeuza hata kilemba. Aliyekuwa akienda kulia akiambiwa kulia alikaa pale na mgongo wake mbovu akamngoja mtu mmoja.

Yale niliyotaka Dhiren ayaseme mbele ya kamera, niliyangojea msimu mzima, yalisemwa pale, na hakuyasema Dhiren.

Nikaweka maikrofoni sakafuni, taratibu, isipige kelele. Kuldip akapiga pigo moja la mwisho, akaziweka fimbo zake juu ya magoti. Ikabaki sauti ya Bi Ranjan peke yake, inazunguka. Ni Rupal aliyekwenda kuizima.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Kuldip alinifuata na mto wake kwapani.

Jumatatu, 2 Desemba

Wameandika. Eti ni onyesho la ujasiri kuliko yote ya mwaka huu, eti Dhiren amethubutu kuuacha wimbo bila jibu. Dhiren amethubutu!

Rupal amenipigia simu. Bibi yake amemuuliza asubuhi kama Mwanaidi amerudi, naye amemjibu kwa Kiswahili. Hakuniambia alimjibu nini, nami sikuuliza.

Alhamisi, 5 Desemba

Ujumbe wa simu, saa za asubuhi, kutoka Stanmore. Nimeusoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena.

"Placida, naomba urudi. Kuldip anakataa kupiga bila wewe. Manchester wanatuita mwezi wa pili. Naomba."

Mara mbili ameliandika. Sijui nani amemfundisha, Rupal au mama yake, au amelikuta mwenyewe mahali fulani katika lugha hii, kama mtu anayekuta chumba ambacho hakukijua ndani ya nyumba yake. Miaka arobaini na kitu nimelingoja neno hilo, na limekuja kwa sababu ya Manchester. Jina la Mwanaidi halimo.

Nikainjika chai yangu kwanza. Ikapanda mara ya kwanza, nikaiacha ishuke, ikapanda mara ya pili. Nikamimina, nikanywa mpaka nusu kikombe, sina haraka na mtu.

Kisha nikamjibu.

"Bado."